Kitanda, Meza, Kiti na Taa: Chumba cha Mgeni Nyumbani Mwetu

Mama mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea mjini, aliniomba niandike habari hii ili wenzake waisome, ila nisimtaje jina. Nimemwahidi hivyo. Ni mama wa watoto wanne, na pale jumuiyani wanamfahamu kwa ukarimu wake. Mgeni wa parokia akikosa pa kulala, nyumba yake ndiyo hutajwa kwanza.

Mwaka ule yeye na mumewe walikuwa wamehamia nyumba yao wenyewe baada ya miaka mingi ya kupanga. Chumba kimoja wakakitenga kwa ajili ya wageni, naye akakipamba kwa moyo wote. Juu ya dirisha palikuwa na vitundu vya hewa, vile ambavyo mafundi huviacha kwa tofali za matundu. Aliona vinaingiza vumbi na mbu, tena vinaharibu sura ya ukuta. Fundi akaviziba, akapiga lipu na rangi ya maziwa, na ukuta ukapendeza kweli. Kisha likaja kabati la nguo la milango mitatu kutoka kwa seremala. Lilikuwa kubwa kuliko walivyotazamia, halikupata mahali isipokuwa mbele ya dirisha, nalo likalifunika zaidi ya nusu. Sehemu iliyobaki ikapata pazia zito la zambarau lenye marinda. Kitandani shuka jeupe lililodariziwa maua, na juu ya mto kitambaa chenye maneno ya kumkaribisha mgeni kwa jina la Bwana.

Mwezi Julai akaja mama mkwe wake kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mzigo wa dagaa na mbasa mkavu. Wanaoishi kule ziwani wanajua joto. Baridi ya Songea ya mwezi wa saba, ile inayoshuka jioni na ukungu wake, si baridi wanayoizoea. Siku ya pili bibi akaanza kulalamika miguu.

"Mama, nikuletee moto kidogo upashe chumba kabla hujalala?"

"Lete, mwanangu. Miguu yangu imekuwa mawe."

Basi akawasha jiko la mkaa uani. Hakuwa mjinga, alijua moshi ni mbaya, kwa hiyo akalisubiri nje mpaka moshi wote ukaisha na mkaa ukawa mwekundu mzuri usio na harufu. Ndipo akaliingiza. Mjukuu wa kike wa miaka 6 alikuwa analala na bibi yake. Akawafunika wote wawili, akasali nao, akafunga mlango. Chini ya mlango palikuwa na uwazi unaopitisha ubaridi, akauziba kwa khanga.

Kama saa nane usiku mume alisikia kitu kinaanguka. Bibi alikuwa amejaribu kuinuka, kichwa kikamzunguka, akaanguka pamoja na stuli. Walipofungua mlango mtoto alikuwa amelala vizuri kabisa, ila akiitwa haitiki. Wakawabeba wote hadi barazani kwenye hewa. Mtoto akatapika, akaanza kulia, na mama yule anasema hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Hospitali waliwekewa oksijeni, wakalazwa, wakapona.

"Mimi ndiye niliyewafungia mlango," aliniambia. "Kila kitu nilichofanya usiku ule nilikifanya kwa upendo."

Kilichotokea mle chumbani

Mkaa unapoungua mahali ambapo hewa haiingii ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Hapo ndipo wengi tunapokosea, kwani tumezoea kuuogopa moshi. Moshi unajitangaza mwenyewe, lakini gesi hii haitoi onyo lolote, na mkaa mwekundu usio na moshi huitoa kwa wingi. Ikivutwa huingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni, tena hukamata kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala huendelea kulala tu. Watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo na akina mama wajawazito ndio huathirika haraka zaidi, na kwa mjamzito hatari ni kubwa hasa kwa mtoto aliye tumboni.

Nimesikia akina mama wakisema ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko, au beseni la maji chumbani, hatari inaisha. Haiishi. Maji hayaizuii gesi hiyo. Wala kumnywesha mtu maziwa hakuiondoi katika damu. Linalofaa ni kumtoa mtu nje mara moja, kufungua milango na madirisha, na kumpeleka hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu.

Lakini mpenzi msomaji, mimi sikutaka kuandika juu ya jiko peke yake. Jiko lile lingewekwa katika chumba chenye vitundu vyake na dirisha lake pengine lisingefika mbali hivyo, ingawa hata huko si mahali pa kuliweka usiku. Nilipokuwa nikimsikiliza mama yule niliona kwamba chumba kile kilikuwa kimeshaanza kuharibika siku nyingi kabla ya Julai: siku alipoziba vitundu, siku kabati liliposimama mbele ya dirisha, siku lilipotundikwa pazia zito. Kila hatua ilikuwa ya urembo, na kila mgeni aliyeingia alikisifu.

Mama wa Shunemu

Wasomaji wetu wengi wanaijua habari ya yule mama wa Shunemu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Alimwona nabii Elisha akipita mara kwa mara njia ile, akamshauri mumewe wamjengee chumba kidogo juu ya nyumba. Biblia inataja na vyombo vilivyowekwa humo. Ni vinne tu: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Hapana kabati la milango mitatu.

Nimekuwa nikivifikiria vitu hivyo vinne. Kitanda kwa ajili ya mwili uliochoka. Meza na kiti, maana mgeni naye ni mtu mwenye kazi zake, ana barua ya kuandika na kitabu cha kusoma, si mzigo wa kulazwa tu. Taa, kwa sababu usiku katika nyumba ya watu ni mrefu kama huoni. Mama yule alijiuliza mgeni atafanya nini humo ndani. Sisi mara nyingi tunajiuliza mgeni atasema nini akitoka.

Hebu niseme na hili, ingawa najua baadhi yenu hamtalipenda. Zipo nyumba hapa mjini, Bombambili, Msamala, Lizaboni, popote mtakapo, ambapo chumba bora kuliko vyote kimefungwa kwa kufuli kikingoja mgeni anayekuja mara tatu kwa mwaka, huku watoto wanne au watano wakibanana katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Sebule nayo vilevile. Makochi makubwa yamejaa hadi mlangoni, yamevikwa vitambaa vya kufuma, na watoto wanakatazwa kuyakalia. Wanafanyia kazi za shule sakafuni, wameinama, taa ikiwa nyuma yao. Mama wa Shunemu, tusisahau, hakuwa na mtoto wakati alipokipanga chumba kile. Na alipompata, na mtoto akamfia magotini, alimpandisha akamlaza juu ya kitanda kile kile cha mgeni. Mimi naona mama aliyefanya vile asingekataza watoto chumba cha wageni. Wapewe wakilalie, na mgeni akija wahame kwa siku tatu na mkeka wao. Watoto hupenda kuhama. Kwao ni sikukuu.

Joto bila jiko

Swali la kwanza nililoulizwa nilipoizungumzia habari hii kwenye mkutano wetu wa akina mama lilikuwa la haki kabisa: "Sasa huyo bibi tumwache na baridi?"

La hasha. Lakini tuanze kitandani, si hewani. Ukipasha hewa ya chumba kizima utachoma mkaa mwingi, na joto lote litapanda juu kwenye bati. Ukipasha kitanda umempasha mgeni. Wengi tunarundika mablanketi juu ya mgeni na kusahau chini yake. Godoro jembamba likikandamizwa na mwili halizuii tena baridi inayotoka chini, na mtu anaweza kuwa na mablanketi matatu juu na bado akatetemeka. Tandika mkeka mnene juu ya chaga, kisha godoro, kisha blanketi moja juu ya godoro, ndipo shuka. Wale waliojaribu hunishukuru.

Nusu saa kabla ya kulala, tia ndani ya shuka mpira wa maji ya moto. Maji yawe ya moto bali yasiwe yanayochemka, na mpira uvikwe kitambaa, kwani ngozi ya mzee na ya mtoto huungua upesi bila wao kuhisi. Soksi za sufu ni zawadi njema kwa mgeni atokaye ziwani au Pwani. Mtandio wa kichwa pia. Na uji wa moto kabla ya kulala unafanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha litazame paa. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto lote usiku na kuwa tanuri saa saba mchana. Kama fedha haitoshi kuweka dari nyumba nzima, weka kwanza vyumba vya kulala na uiache sebule. Najua mafundi na waume zetu hupenda kuanza na sebule kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Waambie usiku hatulali sebuleni. Dari ya silingi bodi ni nzuri. Kwa asiyeweza, mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, inayopatikana kwa wingi ukanda huu wetu wa kusini, imefunika vyumba vingi na inapendeza macho. Ila isukwe kwa kubana, na ipulizwe dawa ya wadudu kabla ya kupandishwa.

Sakafu ya saruji ni baridi kama jiwe la mtoni. Watu hukimbilia zulia, nami sina ugomvi nalo kwa mwenye mashine ya kunyonya vumbi. Sisi wengine tunaofagia kwa ufagio wa chelewa, zulia hukusanya vumbi la barabarani msimu wote wa kiangazi, na mwenye pumu hulala anakohoa. Mkeka unatolewa nje, unakung'utwa, unaanikwa. Vivyo hivyo maua ya plastiki. Sijui nani alituambia kuwa nyumba haijakamilika bila maua ya plastiki yaliyojaa vumbi juu ya televisheni, na hali hapa Songea ukitupa mche wowote uani unaota.

Hewa, na mbu

Mama yule wa Mfaranyaki aliziba vitundu kwa sababu ya mbu. Ni sababu nzito, maana malaria katika mkoa wetu si hadithi. Ila dawa ya mbu ni wavu, si lipu. Nunua wavu mzuri wa madirisha, umwambie fundi aukaze kwa fito nyembamba za mbao kwenye vitundu na kwenye fremu ya dirisha upande wa ndani, na pale juu ya ukuta bati linapoegemea, ambapo mbu wengi hupitia, paibwe na dari. Utafiti uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango na madirisha na kuzibwa uwazi wa juu, nyumba zilizowekewa dari ya wavu tu, na nyumba zilizoachwa kama zilivyo. Katika nyumba zilizoachwa, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika zile za wavu na zile za dari walikuwa 12. Kwa hiyo fundi wa dari naye anatibu, na chandarua juu ya kitanda kibaki palepale.

Kuhusu ukubwa wa dirisha, kipimo cha kawaida cha wajenzi ni kwamba eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina eneo la futi za mraba 120, basi dirisha liwe walau futi 3 kwa 4, tena liwe la kufunguka, si kioo kilichogandishwa. Ikiwezekana hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha upande mmoja, na juu ya mlango uwazi wenye wavu upande wa pili. Dirisha linaloelekea mashariki ni baraka kwa Songea, kwani jua la asubuhi la Juni huingia mpaka kitandani. Godoro nalo litolewe juani angalau mara moja kwa wiki.

Florence Nightingale, yule mwuguzi wa Uingereza, alichapisha kitabu chake juu ya kuuguza mwisho wa mwaka 1859, na katika mambo yote aliweka hewa safi kuwa la kwanza. Wakati uleule alionya kwamba mgonjwa asiachwe apigwe baridi. Watu humkumbuka kwa lile la kwanza tu. Yote mawili kwa pamoja ndiyo kazi yenyewe.

Na jikoni jamani. Tumezungumza chumba cha mgeni, lakini anayevuta moshi kila siku ya Mungu ni mama mwenyewe na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani itokanayo na kupikia iliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kabla gesi na umeme havijafika katika jiko lako, toa mafiga kwenye kona, yasogeze chini ya dirisha, weka dohani kama unaweza, na kuni zako ziwe kavu. Kisha mwombe baba watoto aingie akae humo dakika 10 wakati maharage yanachemka. Mengine atayaamua mwenyewe.

Mji wa wageni

Songea yetu ni mji wa wageni. Barabara ya Makambako inaingilia hapa, ya Mbinga na Mbamba Bay inatokea hapa, na ya Namtumbo na Tunduru vilevile. Wafanyabiashara wa mahindi na kahawa, wauguzi, wanafunzi, na kila Februari wale wanaokuja kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906, wote wanataka pa kulala. Ndiyo maana akina mama wengi wamegeuza vyumba vya uani kuwa gesti za vyumba vitatu au vinne. Ni kazi ya heshima, imesomesha watoto.

Nimelala katika gesti nyingi kwa safari zangu. Moja siisahau. Kitanda cha tano kwa sita kilikijaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, televisheni ilikuwa kubwa kama dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo kama televisheni. Hapakuwa na msumari wa kutundikia gauni. Taa moja, juu kabisa, na swichi yake kule mlangoni, hivyo ukizima unapapasa gizani kurudi kitandani. Mwenye gesti alikuwa ametumia fedha nyingi, hilo niliona. Kitanda cha futi 4 kingeacha nafasi ya meza ndogo na kiti, na taa ya bei ndogo pembeni mwa kitanda ingenifanya nirudi tena. Sikurudi.

Ukitaka kuona ukarimu uliopangwa vizuri bila makuu, safiri kilometa kama 25 hadi Peramiho. Wabenediktini walifika pale mwaka 1898, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura nzima ya wageni, sura ya 53. Inaagiza wapokewe kama Kristo mwenyewe. Lakini haiishii kwenye maneno mazuri. Inasema pawe na nyumba ya wageni yenye vitanda vya kutosha vilivyotandikwa, na pawe na mtu mmoja mcha Mungu wa kuitunza. Inataka hata jiko la wageni liwe mbali, kwa sababu wageni hufika saa zisizotarajiwa na wasiovurugwe wengine. Nani asiyemjua mgeni wa saa nne usiku? Mtakatifu huyu alimjua tangu zamani zile. Naye alipanga vyumba na majiko kwa ajili yake, badala ya kumnung'unikia.

Samani za kazi ya mikono, za mninga au msindano, kitanda cha mbao bila mapambo, meza, kiti chenye mgongo ulionyooka, ukuta mweupe, msalaba, dirisha linalofunguka. Ndivyo vyumba vya nyumba za kitawa vilivyo duniani kote, na kwa jinsi mkoa wetu ulivyojaliwa maseremala, hakuna sababu kitu kama hicho kisitengenezwe mtaani kwako. Mweleze seremala vipimo vya chumba kabla hajakata mbao. Ukipenda, chora kitanda na kabati kwa chaki sakafuni, ufungue mlango na dirisha, uzunguke uone kama unapita. Chaki ni rahisi kuliko kabati lisilo na mahali.

Juu ya rangi nitasema kidogo tu. Ukuta wa rangi ya mwanga huongeza nuru na kupunguza bili. Zambarau na kahawia ya kiza humeza taa. Kwenye korido na bafuni, rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua ni ya kizamani lakini inaoshika. Shuka za gesti ziwe nyeupe. Wengine huchagua za giza ili uchafu usionekane, na mgeni anajua kwa nini.

Na taa. Kwa miaka mingi umeme wa Songea ulitegemea mashine za dizeli zilizozimika kila mara, na chemli ilikuwa rafiki wa kila nyumba. Wapo waliochoka kulalamika. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, wanawake wa mkoa huuhuu, walijenga kituo cha kufua umeme kwa maji ya Mto Ruvuma pale Tulila. Mwaka 2015 kilianza kazi kikiwa na megawati 5, na umeme wake ukauzwa TANESCO. Gridi ya Taifa ilikuja baadaye. Kwa hiyo usiku ule wa 2015 mama wa Songea alipowasha taa kumwandalia mgeni kitanda, huenda taa ile ilitoka mikononi mwa masista. Kinara cha taa cha Shunemu kilipata wenzake.

Kwa yule mama wa Mfaranyaki, fundi aliitwa tena. Alivitoboa vitundu alivyokuwa ameviziba mwenyewe, safari hii na wavu. Kabati lilikatwa likawa mawili, moja likaenda kwa wavulana. Pazia la zambarau liligeuzwa kuwa mito ya sebuleni, na dirishani pakaning'inizwa kitenge chepesi. Chini ya dirisha iliwekwa meza na kiti, na binti wa miaka 6, ambaye kwa sasa ni wa miaka 8, ndiye anayefanyia hesabu zake hapo, maana chumba kimekuwa chake na dada yake siku ambazo hakuna mgeni.

Julai iliyofuata bibi alikuja tena. Mama yule anasema alikuwa na hofu kwamba mkwewe hatataka kulala mle. Bibi aliweka mzigo wake wa dagaa mlangoni, akaingia, akatazama juu kwenye vitundu, akaenda dirishani akalifungua na kulifunga mara mbili.

"Kabati limekwenda wapi?"

"Tumelikata, mama."

"Lilikuwa zuri," akasema, akakaa kitini kuvua viatu. "Niletee ule mpira wa maji. Na mwambie mjukuu wangu alete daftari, nione anavyoandika."